Mwanamke Asiyesalimia

Duka la miwani lilifurika siku ile, maana likizo ilikuwa mlangoni na kila mtu alitaka kwenda ufukweni akiwa ameficha macho. Mshonaji aliingia kwa viwiko, gauni la kijani limemshika kiuno kama lina wivu. Akachagua miwani nyeusi kubwa kuliko zote, akajitazama kwenye kioo kwa karibu hadi pua ikaacha alama.

Fundi miwani, kijana wa miaka thelathini na minane (kama huo bado ni ujana), mwenye koti la bluu lililonyooshwa kwa pasi, akamwambia kuwa hiyo inamfananisha na nzi.

"Nzi anayenunua," mshonaji akajibu. "Kazi yako ni kuuza au kukagua nyuso?"

"Zote mbili. Na uso wako usiukunje, ni mzuri."

Mshonaji akamkunjia macho, akamtazama toka juu hadi chini kama anakagua samaki wa jana. Moyo wa fundi ukaenda mbio. Wapo wanaume wanaopenda kudharauliwa. Dawa yao haijapatikana.

Akamchagulia ya kahawia, akamweleza kuwa weusi wa kioo peke yake haumzuii mtu kuungua macho. Namba yake ya simu akaiandika kwenye mfuko wa miwani. Jioni ile mshonaji akapiga kulalamika kuwa mikono ya miwani inambana masikio. Kesho yake akalalamikia pua. Siku ya tatu alipiga bila lalamiko lolote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwezi haujaisha wakawa wanaitana "nzi wangu" na "mkaguzi". Wenzake wa chumba cha kushonea walipanga kwenda ufukweni Jumamosi, kila mtu na wake, naye akamwalika fundi.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo fundi alisimama kando ya barabara na mama yake, akimsifia huyo mwanamke, mara akamwona anapita ng'ambo. Akanyanyua mkono. Mshonaji akageuka, akawakunjia macho wote wawili, akaendelea na njia yake.

Mama akautazama mkono wa mwanawe uliobaki hewani.

"Ndiye huyo? Shusha mkono, watu watadhani unasimamisha teksi."

Mshonaji alipopiga simu, fundi hakumwita nzi. Alimwambia amemdharau mama yake mchana kweupe. Mshonaji akaapa hakuona mama wala mtoto. Fundi akasema aliwatazama usoni, kwa hiyo ni muongo juu ya kuwa jeuri, na huko ufukweni aende na kiburi chake. Akakata.

Neno moja tu lingemwokoa mshonaji, na alilimeza. Miaka mitatu nyuma alikuwa akivaa miwani ya namba, ya kuonea mbali, na shangazi za mchumba wake wa wakati huo wakakaa kikao, wakasema kwao hawaoi kipofu. Posa ikarudishwa. Toka hapo miwani ikakaa kabatini. Kazini hakuna aliyemshuku, kwa kuwa vya karibu aliviona vizuri na uzi aliutunga kwenye sindano kwa mara moja. Vya mbali alivikunjia macho na kubahatisha. Afadhali aitwe jeuri.

Jumatano akaenda dukani kurudisha miwani. Akasimama hatua chache kutoka kwenye koti la bluu alilolikuta karibu na mlango, akalimwagia yote aliyoyalea kwa siku mbili: kwamba ni mtu mzima anayechaguliwa wa kupenda na mama yake, kwamba mzaha wake ni baridi, kwamba anabusu kama anapuliza chai. Koti likamsikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Dada," likasema, "mimi ni mlinzi. Fundi yule pale."

Fundi alikuwa hatua sita tu. Akayatazama yale macho yaliyokunjwa, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Miaka kumi na miwili anakula kwa macho ya watu, na mwezi mzima ameyaita haya madaha.

"Kaa kwenye kiti."

"Sikai."

"Kaa, nzi. Soma ile herufi kubwa ukutani."

"Ukuta upi?"

Machozi yakamtoka, na akamtukana fundi kwa kuyaona. Kisha kwa sauti ya chini akamsimulia habari za wale shangazi. Fundi alimpachikia fremu ya kupimia, akabadilisha vioo kimoja kimoja, halafu akarudi nyuma hatua sita.

"Kumbe una kipara," mshonaji akasema.

"Utakwenda kwa mama ukiwa umevaa miwani?"

"Akinikataa?"

"Angalau mtakuwa mnaonana."

Ijumaa akaenda na fundi, miwani mpya ya namba puani. Mama alikuwa akifagia ukumbi, na hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama," mshonaji akasema toka mlangoni. "Hata toka hapa nakuona umenuna."

Fagio likasimama. Mshonaji akajieleza mwenyewe, shangazi na yote, bila kumwachia fundi hata neno. Mama akamsogelea, akamvua miwani, akaivaa yeye, akayumba hadi akashika ukuta. Kisha akamrudishia usoni kwa mikono miwili, akaiweka sawa juu ya pua.

"Marahaba, mwanangu. Nendeni huko ufukweni. Ila sasa ukinipita tena, nitajua ni makusudi."