Sahihi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliingia kwenye ukumbi wa hospitali na furushi la sare mpya, gauni lake la kijani likiwa limemkaa sawasawa. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Muuguzi mmoja mrefu akamzuia njia.

"Dada, ni wewe uliyenishonea suruali hii? Tazama, imeishia njiani."

Fundi akaitazama miguu yake, akacheka. "Suruali haina kosa, kaka. Umerefuka baada ya kupimwa."

Suruali ile ilirekebishwa mara tatu, mara mbili bila sababu yoyote. Kufikia mwezi wa nne hakumwita tena kaka. Alimwita Twiga, na simu zao zilimaliza chaji kila siku.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua fundi. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, upasuaji ukapangwa. Jioni Twiga akapiga simu.

"Laazizi, umeshatia sahihi?"

"Zamani! Karani alinionyesha mstari, nikaandika. Wanatoa uvimbe, siku tatu niko nyumbani."

"Hawakukwambia damu ikigoma kukatika itakuwaje?"

"Itakuwaje?"

"Huenda wakalazimika kutoa kizazi. Limeandikwa kwenye fomu hiyohiyo."

Kisha sauti ya fundi ikaja imebadilika.

"Kumbe! Unataka kujua mapema kama nitakuzalia, ili ujipange!"

"Mpenzi, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Twiga akapiga mara sita, haikupokelewa.

Fundi alilia, akanawa uso, na asubuhi akamchukua mama yake mdogo hadi kwa daktari bingwa.

"Daktari, nimetia sahihi kitu nisichokijua. Naomba tuanze upya."

Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, akaweka kalamu chini. Akachora kizazi kwenye karatasi, akaonyesha uvimbe ulipokaa. Fundi akauliza: dawa haitoshi? Nikikataa? Nikivuja damu nyingi? Akajibiwa yote bila kuharakishwa.

"Sasa nieleze wewe," daktari akasema.

Fundi akaeleza bila kukwama. Daktari akaichana fomu ya zamani, akampa mpya atie sahihi. "Hii kazi ilikuwa yangu, si ya karani. Unisamehe. Nani alikushtua?"

"Muuguzi wenu mmoja. Nami nikamkatia simu."

"Mdomo wako huo!" mama mdogo akaguna.

Siku ya upasuaji Twiga alikuja si kwa zamu, bali na shati lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mama mdogo kando yake, amevaa gauni la hospitali, amelichukia.

"Nani kashona hili? Limepinda," akasema. Kisha taratibu: "Nilikukosea."

"Nami pia. Habari ile haikuwa ya kusemwa kwenye simu."

"Basi nijibu kabla sijaingia. Nikitoka sitajua kama ni mapenzi au huruma. Kizazi kikitoka?"

Twiga akaushika mkono wake. "Nilikupenda wewe. Tukipata watoto nitafurahi, tukikosa bado nakutaka wewe. Nataka kukuoa. Utanikubali?"

"Nimekubali. Mama mdogo, umesikia?"

"Nimesikia, na akikana nitamtafuta!"

Kizazi kilitoka. Damu iligoma kukatika, na daktari akafanya walivyokubaliana. Fundi alilia siku mbili, na Twiga akalia naye bila kujificha.

Siku ya tatu jirani mmoja mtu mzima alikuja kumwona, akajitupa kwenye kiti kando ya kitanda, akapiga kite.

"Masikini mwanangu! Wamekuibia uzazi wako!"

Fundi akajiinua kwenye mto, maumivu na yote.

"Hakuna aliyeniibia, mama. Nilielezwa, nikaelewa, nikakubali, ili niishi." Akamtazama Twiga aliyesimama mlangoni na chupa ya chai. "Sasa sogea kidogo, mama. Umekalia kiti cha mchumba wangu."