Mtu wa Plastiki Kutoka Melini

Adhana ya magharibi ilinikuta nimekunja buibui hadi magotini, ndara mkononi, nakatiza maji ya mvua kutoka kwetu Magogoni kwenda Bombolulu kufuata mwanasesere. Ndiyo, mwanasesere. Dada yangu anakufa, nami natumwa mwanasesere! Ungeniona ungesema nimerukwa na akili, wala singekubishia.

Mwanarehema, mdogo wangu, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri ya jana yake. Mtoto hakuja. Masika yalikuwa yamekata barabara, gari haliingii wala halitoki. Wanaume walimbeba kwa kitanda wakafika bondeni, maji yakawapanda vifuani, wakarudi naye. Tukabaki na Bi Mwanatabu, mkunga wa mtaa, ambaye ndiye aliyetupokea hata sisi tulipozaliwa.

Bi Mwanatabu alifanya yanayojulikana. Mwanamke akikwama, nyumbani hakibaki kitu kilichofungwa. Tulifungua milango, makasha, mitungi, vifungo vya nguo. Tulimfumua mgonjwa nywele, tukajifumua na wenyewe. Hata gunia la mkaa tulilikata kamba. Wapi!

Jua lilipoanza kushuka, bibi alimpapasa tumbo, akageuka kwangu.

"Mwanamkasi."

"Abee."

"Kuna kitu mumekisaza," alininong'oneza. "Kitu cha huyu mwana. Hakimo humu nyumbani. Kikumbuke upesi."

Nikakumbuka.

Mimba ilipokuwa changa, baharia mmoja tusiyemjua alileta zawadi, akasema imetoka kwa Boga, mume wa Mwanarehema, ambaye alikuwa safarini melini. Ilikuwa kijitu cha plastiki kirefu kama kidole, askari wa zile filamu za vita vya angani ambazo vijana walikuwa wakizijazia mabanda ya video. Kiligandishwa kwenye kadibodi yenye picha, kikafunikwa kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Mutua, fundi wa video wa Bombolulu, alituambia wako Wazungu wa Nyali wanaokusanya vitu hivyo. Akaomba akikague, atwambie kama ni cha asili au cha kuiga, na chaweza kuuzwa kwa bei gani. Mwanarehema alikubali mbio. Alitaka ajifungulie hospitali nzuri, maskini.

Chumba cha Mutua kilijaa redio zilizopasuliwa. Alikuwa ameinama chini ya taa ya meza, kioo cha kukuzia jichoni. Hakushtuka kuniona. Alionekana amefarijika, na hilo likanitia hofu.

"Karibu, mama. Nilikuwa nataka kuja kwenu. Hiki kitu chenu..."

"Nipe nende zangu. Dadangu kafungwa."

"Kafungwa? Amefanya kosa gani?"

Mtu wa bara na Kiswahili chake! Siku nyingine ningecheka hadi nilie. Jioni ile nilitamani kumzaba kofi.

"Si jela, Mutua! Kafungwa uzazi. Mtoto hatoki, yuwafa!"

Alikishika kile kifurushi kwa mikono miwili, hakunipa.

"Pole, mama. Lakini tazama kwanza." Sauti yake ilikuwa chini. "Mtu mwenyewe ni wa asili. Rangi ni yenyewe, na muhuri wa kiwanda uko mguuni. Kadibodi haina mkunjo. Lakini hii gundi... nusa."

Alikisogeza kwenye joto la taa.

Ubani.

Harufu ya chumba cha maiti anapooshwa. Ilinijaa kooni nikakohoa.

"Kilifunguliwa, halafu kikafungwa upya na mtu," akasema. "Na umeona kiunoni? Amezungushwa uzi mweusi, una mafundo. Kwa picha hana uzi. Sasa angalia hapa."

Akachukua kitambaa, akaifuta ile plastiki. Ukungu haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani. Ulitanda usoni pa kile kijitu... ukapungua. Ukatanda... ukapungua.

Kilikuwa kinapumua.

"Tangu lini?" nilinong'ona.

"Jana alfajiri."

Nikakishika kile kifurushi, naye akakishika. Tukawa tunavutana kwa adabu, kama watu wanaogombea kulipa chai.

"Usikifungue, mama, nakuomba. Thamani yake yote ni kule kufungwa. Ukifungua ni plastiki tu."

"Na dadangu akifa, yeye atakuwa nini?"

Vidole vyake vililegea.

"Mimi sijui ni nini kimefungiwa humu," alisema. "Wewe unajua?"

Sikujua. Na wallahi, hata ningejua ningefungua. Aliyemo kitandani alikuwa Mwanarehema wangu, niliyemlea mgongoni tangu mama alipotufia.

Nikararua.

Haaaah...

Sauti ya mtu aliyezama akaibuka. Taa ikazimika. Pumzi ya moto ilinipita shavuni, ikanuka ubani na nguo mbichi, kisha pazia la mlangoni likajipandisha lenyewe na kushuka. Nilikitafuta kijitu gizani, nikakiweka mdomoni, nikayafungua mafundo kwa meno huku nikisoma kila aya niliyoijua. Fundo la mwisho lilipoachia, kikawa baridi kama mawe ya kisimani.

"Kimetoka," Mutua alisema gizani.

"Kimekwenda wapi?"

Alikuwa akisali sala za kwao.

Nilikimbia. Nilianguka, nikainuka, buibui likabaki majini. Nilipofika Magogoni nilisikia vigelegele, nikakaa chini pale pale kwenye matope nikalia kwa sauti.

Mwanarehema alikuwa hai. Alikuwa amechoka, anatabasamu, na pembeni yake mtoto wa kiume.

"Kalia?" nilimuuliza Bi Mwanatabu.

"Hakulia." Bibi hakunitazama. "Katoka kimya, hapumui. Macho wazi, yanatazama mlangoni. Nikasema keshakufa. Kisha ukapita upepo wa moto... ndipo akavuta pumzi."

Nilimpa mtoto kidole changu akishike, kama tuwafanyiavyo watoto wote. Mkono wake wa kulia ulikuwa ngumi, nao haukufunguka. Nikajaribu kuukunjua kwa taratibu. Bi Mwanatabu, ambaye kwa amri yake tulikata hata kamba ya gunia la mkaa, alinidaka kiwiko.

"Huo uacheni."

"Mbona, bibi?"

"Uacheni hivyo hivyo."

Kabla ya Ramadhani alikufa na siri yake. Boga aliporudi aliapa kwamba hakumtuma baharia yeyote, na hajapata kununua kitu kama kile. Nani alikifunga, na kwa chuki gani, hatujui hadi leo. Tulimpa mtoto jina la Matano. Ni mpole, anakula vizuri, anakimbia na wenziwe. Ngumi yake haijafunguka hata usingizini. Mamake anaipaka mafuta, anaibusu. Anampenda mno.

Na sasa Mwanarehema ameshikwa na uchungu tena.

Tangu jana. Mtoto haji. Daktari aliyeletwa ametikisa kichwa, ametoka nje kutafuta gari. Magharibi inaingia. Milango iko wazi, makasha wazi, nywele zetu zote zimetimka mabegani. Mkunga mpya, msichana wa watu, anazunguka nyumba nzima akiuliza, "Kuna kitu gani tena kimefungwa? Kumbukeni, mama zangu, kuna kitu gani?"

Mwanarehema ananitazama, midomo imemkauka. Anajua ninachokijua: kitu kimoja tu nyumbani bado kimefungwa, na ile pumzi ya moto imo ndani yake.

"Dada," ananong'ona. "Usimguse mwanangu."

Matano amesimama kizingitini. Hajaitwa na mtu. Anakuja polepole, anapita kitanda cha mamake, ananifikia mimi. Ananinyooshea ngumi yake.

Nimekishika kidole gumba chake. Ni cha moto.

Mwanarehema anapiga ukelele.

Sijakivuta bado.