Tatu, Tatu, Tatu

Tangu bibi atutoke, niliamka, nikapiga mswaki, nikaenda shule, nikarudi. Sikulia wala kucheka. Mama alinipakulia nikala, lakini ukiniuliza nimekula nini, sijui.

Ijumaa moja mwalimu wa jiografia alitugawia fomu za halmashauri, kila mwanafunzi nyumba kumi za mtaani kwake. Swali lilikuwa moja: "Unaridhika kiasi gani na maendeleo endelevu ya mtaa wako?" Jibu ni namba, moja hadi tano, tano ikiwa kuridhika kabisa. Mtaa wenye alama za chini ndio ungefunikiwa mtaro kwanza.

Nilianza kwa fundi cherehani, jirani yetu.

"Endelevu?" alicheka. "Si huu mtaro! Miaka mitatu wanachimba na bado unaendelea. Andika tano, mwanangu."

Nikaandika tano. Nyumba tisa zilizobaki sikuzigonga. Nilikaa kwenye ngazi zetu nikajaza tatu, tatu, tatu, hadi mwisho. Sikuona aibu. Sikuona chochote.

Jumatatu mwalimu alizipitia fomu zangu, akavua miwani.

"Nyumba tisa, zote tatu? Hata yenu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Bibi yako aliangukia wapi?"

"Mtaroni."

Hakunifokea. Alinipa fomu mpya.

Jioni nilirudi kwa fundi. Safari hii niliuliza kwa maneno yangu.

"Shikamoo, mjomba. Mtaro ukibaki wazi hivi, utawafaa wajukuu zako?"

Akaacha kukanyaga cherehani. "Marahaba. Wajukuu? Mimi mwenyewe mvua ikinyesha nakaa roho juu. Futa ile tano yangu, weka moja."

Nilipita nyumba zote. Muuza mkaa alisema nne kwa sababu ya taa mpya za barabarani, nami nikaandika nne. Ya mwisho ilikuwa yetu. Nilimuuliza baba.

"Moja," alisema, akitazama mtaroni.

Nikaandika moja. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Baada ya miezi miwili mafundi walileta mifuniko ya zege mtaani kwetu. Mwalimu alikuja kutazama.

"Ukimjazia mtu jibu bila kumuuliza, umemziba mdomo," aliniambia. "Na wewe ulijiziba wa kwako pia."

Nilikanyaga mfuniko uliowekwa pale alipoangukia bibi. Haukutikisika.