Mkono Begani mwa Baba

Hebu niambie, ile picha mliyoitanguliza mbele ya jeneza la marehemu wenu, mlimkata nani ndani yake? Usinitazame hivyo. Kila nyumba hukata, maana hakuna mtu anayepiga picha ya kufia.

Rafiki yangu Marion, wa mtaa wa Umoja, aliipeleka ile ya mazishi ya baba yake kwenye maonyesho ya picha za familia katika ukumbi wa mtaa. Mzee amempakata Marion akiwa mtoto, na begani ana mkono wa mtu aliyekatwa. Waandaaji, wapenda maneno makubwa, waliandika chini yake: "Urithi."

Alasiri moja Marion akampeleka mamake kuiona. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, hivyo stima ilipopotea, hukuona hata kiganja chako.

"Ai! Hata wafu wamekatiwa!" mtu akatania, watu wakacheka.

Kisha wakasikia mkwaruzo. Pale ukutani kitu kilikuwa kikikwaruza kioo cha picha polepole, kama kucha, kwa upande wa ndani.

Marion akawasha tochi ya simu. Bega la baba lilikuwa tupu. Mkono ulikuwa umeshuka, umemshika mtoto shingoni.



"Mama, huu mkono ni wa nani?"

Mama akajishusha sakafuni taratibu.

"Wa baba yako mdogo, Bwire. Nilimkata mimi, Marion. Kipande chake cha picha nikakitupa kaburini mwa baba yako; nilimzika angali hai, amesimama kando yangu akiimba."