Matope Yasiyo na Mvua

Ijumaa, tarehe mosi Mei 2026, kulikucha kweupe mjini Oakdale, jimbo la Minnesota. Umande ulikuwa umeganda kwenye vioo vya magari, lakini anga ilikuwa bluu tupu. Wiki nzima haikuwa imedondoka hata tone moja la mvua.

Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo kwa sababu ya mkutano wa walimu. Hata hivyo Héritière, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka mapema kama kawaida. Alitandika kitanda, akamchemshia bibi yake chai ya tangawizi na kumpelekea sebuleni. Koko Perpétue, kama walivyomwita bibi huyo, alikuwa amekwisha kuvaa kitenge kipya. Mkoba wake alikuwa ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Umelala vizuri, Koko?"

"Nilale vipi, mjukuu wangu? Leo namwona Mugisho!"

Mugisho alikuwa mtoto wake wa mwisho. Walitenganishwa katika kambi ya wakimbizi, kila mmoja akapelekwa upande wake, na Héritière alimjua mjomba huyo kwa sauti ya simu tu. Sasa Mugisho alikuwa amepata kazi ya kupanda miti katika msitu wa kaskazini mwa Minnesota. Siku yake ya mapumziko ilikuwa kesho yake, Jumamosi. Baada ya hapo kundi lake lingehamia jimbo jingine, mbali sana. Huko msituni simu haikushika mtandao, kwa hiyo alikuwa ametuma habari akiwa dukani Jumapili: "Mwisho wa barabara ya udongo, mtaona mahema yetu."

Héritière alitabasamu. Lakini kulikuwa na neno alilolificha tangu Jumatano.

Nje, baba yake, Papa Thaddée, alikuwa akifunga karavani nyuma ya gari. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu, yenye vitanda na jiko, na mwenyewe alikuwa Eliakim, jirani yao Mkenya.

"Papa Thaddée, hii ni mke wangu wa pili," alisema Eliakim akiipigapiga ubavuni. "Ukiirudisha na mkwaruzo, nahamia kwako na masufuria yangu yote."

"Njoo tu. Utaosha vyombo," alijibu Papa Thaddée, wakacheka.

Cyrus, mdogo wake Héritière, alitoka mbio na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika Mama kabla ya kwenda kazini. Safari ilikuwa tayari. Lilibaki jambo moja tu.

Katika familia hiyo hakuna aliyeombea safari kabla watu wote hawajasema kwa sauti walichokiangalia. Koko ndiye aliyeleta desturi hiyo. Kila mtu aliweka mkono juu ya gari na kusema kazi yake mbele ya Mungu, ndipo sala ikafuata.

"Nimeangalia magurudumu na taa," alisema Eliakim.

"Nimeangalia breki na mnyororo wa karavani," alisema Papa Thaddée.

"Nimeangalia sombe," alisema Cyrus. "Niliionja mara mbili."

"Na barabara aliiulizia Héritière Jumatano," aliendelea Papa. "Wamesema iko sawa. Haya, sema, mama."

Héritière aliweka mkono juu ya bati la karavani. Lilikuwa baridi. Alikumbuka Jumatano vizuri. Papa, ambaye Kiingereza bado kilimpiga chenga, alimpa namba ya ofisi ya msitu ili aulize kama barabara ya udongo inapitika. Alipiga. Muziki wa kusubirisha wateja ulicheza na kucheza, naye alikuwa na video ya densi ya kumalizia. Akakata simu, akatazama picha ya jua kwenye utabiri wa hali ya hewa, akamwambia Papa, "Iko sawa."

Sasa macho yote yalimtazama. Neno moja tu lingetosha, na safari ingeanza.

"Papa," alisema, "sikuuliza. Nilitazama jua tu."

Cyrus akadakia, "Nilijua! Alikuwa anacheza densi!"

Papa Thaddée alikunja uso. Lakini Eliakim alitikisa kichwa. "Msimgombeze mtoto bure. Wiki nzima ni jua. Huko ni vumbi tupu! Nendeni, Koko asichelewe."

Héritière alimtazama Koko. Ni nani angemlaumu bibi huyo kama angesema twende? Lakini Koko aliondoa mkono wake kwenye karavani.

"Hatuombi bado," alisema polepole. "Héritière, piga simu. Tutasubiri."

Muziki ule ule ulianza. Mara hii Héritière alisubiri akiwa amesimama wima, moyoni akisema, Ee Mungu, nisaidie. Hatimaye mwanamke akapokea. Héritière alieleza kwa Kiingereza, akasikiliza, kisha akawageukia wenzake macho yamemtoka.

"Barabara imefungwa! Anasema ardhi iliganda hadi chini wakati wa baridi. Sasa barafu ya ndani inayeyuka, na maji hayana pa kwenda. Gari zito linazama."

"Matope bila mvua?" alishangaa Papa Thaddée. "Kwetu Bukavu matope yanatoka mbinguni."

"Huku yanatoka kuzimu," alinong'ona Eliakim, akiitazama karavani yake kwa huruma.

"Ngojeni! Anasema wapanda miti wamehamishwa juzi kwa sababu hiyo hiyo. Wako kambi ya ziwani, upande wa mashariki. Njia ni ya lami mpaka mlangoni!"

Koko alipiga kigelegele kilichowafungulisha majirani madirisha. Kisha wakaweka mikono juu ya gari na kuomba, na "Amina" ya Héritière ilikuwa kubwa kuliko zote.

Alasiri, walipokaribia, walilipita lango lililofungwa la barabara ile ya udongo. Ilionekana kavu kabisa, hata vumbi lilikuwa juu. Papa Thaddée alisimamisha gari, akaenda kukanyaga mguu mmoja tu. Kiatu kilizama hadi kifundoni. Alirudi garini. Alimshika Héritière kichwani, akawasha gari.

Kambini, kijana mrefu mwenye udongo magotini aliinua uso, akaangusha koleo. "Mama?"

Koko hakungoja kushikwa mkono. Alishuka na kutembea kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo, akamkumbatia mwanawe huku akilia na kucheka. Wapanda miti wenzake walipiga makofi, na Cyrus akawagawia sombe kama mwenye harusi.

Jua lilipoelekea kuzama, wakiwa wameketi pamoja kando ya karavani, Koko alimvuta Héritière karibu.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Ingetufikisha kwenye lango lile lililofungwa na kutuacha hapo, mwanangu nisimwone. Miaka yote nimemwomba Mungu anifungulie njia ya kumwona mwanangu. Leo amefungua, na amepitia kinywa chako kiliposema kweli. Sala haichukui nafasi ya kazi, mjukuu wangu. Fanya sehemu yako kwanza, ndipo umkabidhi Mungu iliyobaki."

Kwa kawaida, mbele ya wageni, Héritière alizungumza Kiingereza. Jioni ile alisimama mbele ya Koko, Papa, Cyrus, mjomba Mugisho na wapanda miti wote, akaweka mkono juu ya karavani, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyovuka ziwa:

"Nisichokiangalia kwa macho yangu au kukiuliza kwa kinywa changu, sitasema kamwe kwamba kiko sawa. Nyote ni mashahidi."