Namba Kumi na Nne ya Mazinde

Asubuhi ile, mwaka 2004, Benjamini alimnywesha uji bintiye Yudith, akamwacha kwa jirani, akashuka zake ofisini Lushoto mjini. Alikuwa fundi kompyuta wa kampuni binafsi ya kununua mboga, yenye ghala chini Mazinde, kando ya barabara kuu. Siku hiyo alikuwa na kazi moja: kumaliza kuunganisha ofisi hizo mbili kwa VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti.

Kazi ilikuwa imelala kwa miezi. Mitandao yote miwili ilitumia anwani zilezile. Kompyuta yake ilikuwa namba kumi na nne. Ya mkewe Rahabu, karani wa Mazinde, nayo kumi na nne. Kwa hiyo ujumbe wa Rahabu haukupanda mlima. Ulimrudia mwenyewe.

"Baba Yudith, hata kompyuta zetu ni mwili mmoja," Rahabu alimtania.

"Nitarekebisha wiki ijayo, mke wangu."

Wiki hiyo haikufika. Jumamosi moja pumu ilimbana Rahabu akiwa peke yake ghalani, simu imefungiwa chumbani kwa meneja. Walimkuta amelalia kibodi.

Sasa, miezi mitatu baada ya mazishi, Benjamini aliipa Mazinde namba za badala, zenye mwanzo tofauti tu, ili mashine za kule zisigongane tena na za Lushoto. Akazijaribu mojamoja. Ya ghala ikajibu. Printa ikajibu. Kwa mazoea, vidole vikaandika kumi na nne ya Mazinde.

Ikajibu.

Akampigia simu Asha, karani mpya.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani kawasha kompyuta ya marehemu?"

"Si waliichukua wiki ile ya msiba? Meza tupu, shemeji. Waya unaning'inia tu."

Hapo hapo ujumbe ukachomoza kwenye kioo chake: *Baba Yudith, sipati pumzi. Njoo.*

Ukaja wa pili. Wa tatu. Jumbe zote zilikuwa na tarehe ya Jumamosi ile. Ishirini na moja. Mara ishirini na moja mkewe alimwita, na mara zote mwito ulimrudia aliyeita.

Akaandika: *Nisamehe, mke wangu.*

Jibu likaja: *Leo ndiyo unasikia?*

Kwenye simu, Asha alinong'ona. "Shemeji... kuna mtu anabonyeza kibodi."

"Wapi?"

"Hapa mezani. Simwoni."

Simu ikakatika.

Benjamini alishuka mlima na gari la kwanza alilolipata. Jua la mchana lilikuwa linachoma alipomkuta Asha nje ya ghala, miguu pekupeku, analia bila sauti. Akaingia peke yake. Meza ilikuwa tupu kweli.

"Rahabu," aliita. "Nimekuja."

Akaketi kwenye kiti cha mkewe, akalia.

Alipoinuka aondoke, macho yakatua dirishani. Joto la Mazinde lilikuwa linaliza mabati. Lakini upande wa ndani wa kioo, usawa wa uso wa mtu aliyeketi, palikuwa na duara la mvuke, kama la pumzi.

Akalifuta kwa kiganja.

Likarudi. Dogo zaidi.