Mfuko Uliokataa Barafu

"Yupo ngazi za juu. Kumi na Tisa, usimpoteze!"

Sauti ya Mkuu wa idara ya ujasusi ilikwaruza sikioni. Kumi na Tisa alikuwa akipanda ngazi mbilimbili, macho kwenye boksi jeupe la barafu lililobebwa na mwanamume mnene aliyehema mbele yake. Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika asubuhi hiyo, na hakuna aliyewatazama mara mbili. Watu wanaokimbilia ndege ni wengi.

Alimkamata mlangoni pa choo. Kabali moja tu, mnene akakaa sakafuni.

Boksi likafunguliwa.

Barafu. Chini ya barafu, chupa mbili za juisi.

"Nimeombwa nilifikishe juu tu, kaka! Sijui kitu mimi!"

"Mkuu, tumeingizwa mjini," Kumi na Tisa alisema kwenye redio.

"Ndege inafunga mlango baada ya dakika arobaini. Mfuko ukipaa, tumekwisha."

Mfuko wenyewe uliibwa mapema asubuhi kwenye maabara ya hospitali ya saratani. Ndani yake mlikuwa na chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Hizi zilitoka kwa mgonjwa mmoja, na zilikuwa zinabeba ujumbe wa uvimbe wake hadi kwenye mifupa. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuusoma ujumbe huo kabla ya wengine wote duniani, na kumwajiri mwizi kuliirahisishia kazi. Chembe zenyewe zilikuwa na uhai wa siku moja tu uliobaki, na mgonjwa hakuwa na nguvu ya kutoa nyingine.

Kwenye faili mgonjwa alikuwa namba. Kwa Kumi na Tisa alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Hilo hakumwambia mtu, maana angeondolewa kwenye kazi saa hiyohiyo. Dada naye alijua mdogo wake anauza bima. Kwa miaka mitatu hawakuonana, waliongea kwenye simu tu, na Kumi na Tisa alikuwa amezoea kula peke yake, kulala peke yake na kuugua peke yake. Alidhani amezoea.

Akatoa Nokia yake ndogo, akampigia fundi wa maabara.

"Mama, tumefungua maboksi sita ya barafu. Hamna kitu."

"Barafu?" Mwanamke yule alipaza sauti. "Nani kawatuma kwenye barafu?"

"Si damu?"

"Uwii! Damu nyekundu ndiyo hukaa baridi. Chembe sahani zikipigwa na baridi zimekufa. Zinataka joto la chumba, tena zinatikiswa polepole bila kupumzika. Zikitulia, zinashikana. Mwizi wenu alikuwa msaidizi wangu hapa, barakoa usoni kila siku, anajua yote hayo. Ninyi hamkuniuliza!"

Kweli, hawakumuuliza. Idara nzima, na kamera zake za kupima joto, ilikuwa imeshinda asubuhi ikiwinda ubaridi.

"Zikiharibika, mgonjwa atakuwaje?"

Fundi akashusha pumzi. "Mwanangu, uvimbe haukui peke yake. Askari wa mwili wanaotakiwa kuupiga, huwa unawageuza wanaulinda. Halafu unatuma hizi chembe zikawaamshe walaji wa mifupa, zile seli zinazoitafuna. Kesho tunajaribu dawa kwenye chembe zake, tuone ipi inawanyamazisha wajumbe. Bila mfuko huo tutabahatisha. Nyonga yake haiwezi kusubiri tubahatishe."

Askari walionunuliwa. Wajumbe wa siri. Kumi na Tisa aliielewa vizuri vita hiyo. Aliichukia kuliko zote alizowahi kupigana.

Aliteremka kwenye ukumbi wa abiria. Sasa alikuwa anatafuta mtikiso.

Mama mmoja alibembeleza mtoto. Mtoto akapiga chafya; kumbe mtoto wa kweli, si mfuko. Kijana mmoja alitikisa goti, lakini hakuwa na mzigo.

Kisha akamwona mwanamume mwembamba mwenye suti ya kijivu, akisoma gazeti. Mguu wake ulikuwa ukilisukuma begi la magurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kiyoyozi kilipoanza kupuliza upande wake, alihama kiti haraka. Begi likahama naye, na mguu haukupumzika.

"Nimempata. Kiti cha dirishani."

"Watoto wamejaa humo. Usifyatue."

Kumi na Tisa aliiacha bastola yake ya Glock kiunoni, akaenda kuketi pembeni yake.

"Umechoka mguu, bwana. Nikusaidie?"

Mwembamba alifungua zipu, akatoa kopo la dawa ya kupuliza ya kugandisha maumivu, ile ya wachezaji mpira, akauelekeza mdomo wake ndani ya begi.

"Sogea uone. Sekunde tano za baridi hii, hakuna mtu atakayeupata."

Kumi na Tisa hakufikiri. Alitia kiganja kati ya kopo na mfuko. Baridi ilimuuma hadi mfupani, ngozi ikageuka nyeupe. Kiwiko cha mkono wa pili kikatua shingoni mwa mwembamba. Gazeti likamfunika uso.

Ndani ya Toyota ya idara, dereva aliendesha na Kumi na Tisa aliupakata mfuko ule wa manjano, akiutikisa polepole njia nzima. Hakuwahi kuwa karibu na dada yake hivyo kwa miaka mitatu.

Maabarani walimvika koti na barakoa. Fundi akamfunga bandeji, kisha akauinua mfuko kwenye taa na kuuzungusha. Ndani, chembe zilizunguka kama moshi.

"Ziko hai," alisema, akaketi chini kabisa.

"Kabidhi, toka mlango wa nyuma," Mkuu aliagiza. "Usionane na mgonjwa."

Njiani, mlango mmoja wa wodi ulikuwa wazi.

"Daktari! Nisogezee mto, nyonga inanimaliza."

Angepita. Miguu ilikataa. Aliingia, akaurekebisha mto, akaficha macho. Dada alikuwa amekonda mpaka inaumiza kumtazama.

"Mkono umefanyaje?"

"Baridi, mama," alijibu kwa sauti nzito ya kuazima.

Dada aliitazama bandeji, kisha barakoa.

"Nina mdogo wangu anauza bima. Miaka mitatu anauza bima, hata mimi hajaniuzia." Akacheka, kicheko kikamuuma. "Ukikutana naye, mwambie dada yake si mjinga. Na mwambie mto ameuweka vizuri."

Kumi na Tisa aliitikia kwa kichwa. Akatoka taratibu, mikono mfukoni, kama mtu asiye na haraka.

"Kumi na Tisa, umeshatoka?"

"Nimetoka."

Barakoa hakuivua mpaka alipofika kwenye gari, maana uso wote ulikuwa umelowa.